Isipokuwa Daftari la Sabini na Nane

Kibokoni, Mombasa
12 Agosti 1993

Kwako mjomba wangu mpendwa, Kamaludin,

Assalaam alaykum. Natumai karatasi hii itakukuta mzima wa afya, na jua la Salala la mwezi huu halijakumaliza. Sisi huku tu wazima, Mungu ashukuriwe. Mama mguu bado unamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi wake hauna maradhi. Binti yangu Lamis ametimiza miaka sita na ameanza kukariri Kurani chuoni. Telegramu yako ya rambirambi ya Disemba tuliipata. Ilikuwa na maneno saba, na mama ameitia ndani ya msahafu wake.

Mjomba, ni miaka kumi na minne tangu uondoke. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nakumbuka ulinipa kalamu yako ya wino, ukatoka bila kumaliza chai. Kwa nini, sijui. Nikimwuliza mama, huanza kuchambua mchele hata kama mchele umeshachambuliwa. Basi hilo naliacha lilipo, maana ninalo langu la kukuomba.

Tangu baba afe, duka la spea za cherehani naliendesha mimi. Watu walisema mwanamke hataweza. Nimeweza, na ndiyo maana nina hasira, kwa sababu nauza kuliko baba alivyouza na duka linakufa. Mafundi wanajaa kutwa nzima. Jioni nikihesabu, faida ipo. Nikienda kwa mwenye jumla kununua tena, pesa hazitoshi. Shilingi imeporomoka mwaka huu, hilo nalijua. Kikasha cha bobini ambacho baba alikuwa akikinunua tisini, mwezi wa Juni nimekinunua mia mbili na kumi. Lakini nilifanya haki: nilisema nitaendelea kuuza mia na ishirini kama baba, mpaka vile vya zamani vimalizike, kisha ndipo nipandishe. Mbona vya zamani havimaliziki, na pesa zinakwisha?

Nyevu, yule mama anayeshona sare za shule kule Majengo, juzi alinitazama akaniuliza, "Mwanaesha, wewe wauza ama wagawa?" Nilicheka. Usiku huo sikulala vizuri.

Kuna bwana mmoja muuza vinyago vya watalii anataka kulinunua duka lote, na droo zake, azifanye za shanga. Mama ameelekea kukubali. Nimemwomba anipe muda mpaka Ramadhani. Wewe umeshika stoo ya watu miaka yote hii, na mwanzo uliishika ya baba. Nifundishe.

Mpwa wako,
Mwanaesha binti Khubaib


Salala, Omani
20 Septemba 1993

Mwanangu Mwanaesha,

Waalaykum salaam warahmatullah. Barua yako imekaa wiki tatu katika sanduku la posta la mtu mwingine, ndipo ikanifikia. Sijambo. Nikurekebishe kidogo: Salala mwezi wa Agosti haina jua. Ni ukungu na manyunyu, milima imekuwa kijani kama Shimba Hills, na mifupa yangu yalalamika. Nifikishie salamu kwa dada Mejumaa. Mwambie ubani mzuri upo, nitamtafutia wa kumletea. Mbusu Lamis kwa niaba yangu.

Nimefurahi kwamba umeniandikia. Sina la kuongeza hapo, ila nimefurahi.

Kazi yangu ni ile ile, spea za malori ya maji: fani belti, beringi, pampu. Vitu elfu nne na mia mbili, kila kimoja na kadi yake. Naandika upesi kwa kuwa basi la kazini huondoka saa kumi, na mimi ndiye huchelewa. Nikishafunga stoo hurudi kulijaribu kufuli, mara mbili, siku nyingine tatu. Dereva amechoka kunipigia honi, sasa huzima injini akanicheka. Nimezoea.

Tuje kwenye lako. Unayo maswali mawili na umeyafanya moja. La kwanza: mali iliyomo dukani ina thamani gani? La pili: uuze kwa bei gani? Usiyachanganye. Lakini kabla ya yote fanya jambo hili. Tandika mkeka, chukua droo moja, ile ya vikasha vya bobini, uimimine yote. Kisha niandikie kilichokuwa chini kabisa. Usinikisie, kitazame kwa macho.

Mjombako,
Kamaludin


Kibokoni, Mombasa
18 Oktoba 1993

Mjomba mpendwa,

Salamu nyingi, na mama anakusalimu. Ule ubani ulipotajwa alisema, "Huyo hajasahau." Kisha akaenda kuchambua mchele.

Droo nimeimimina. Mjomba, nilitaka kujipiga kofi. Juu vilikuwa vile vipya nilivyonunua Juni, vichache vilivyobaki. Chini kabisa, vimejikalia kwa amani, vile vya baba, arobaini kamili. Kumbe kila nikileta vipya nilikuwa navimimina juu, kama baba alivyokuwa akimimina, na mkono huchukua cha juu. Kwa hiyo tangu Juni nimekuwa nikiuza kitu cha mia mbili na kumi kwa mia na ishirini, huku nikijisifu kwa uadilifu. Nimepigia hesabu hasara, nikaikunja karatasi, nikaificha. Namba yake sikwambii.

Sasa, jambo jingine. Vile vya baba kila kimoja kimefungwa kwa karatasi ya kaki, na juu yake pana herufi za Kiarabu kwa mwandiko wake. Vikasha vya bobini vimeandikwa swadi peke yake. Bamba za sindano zimeandikwa lamu na he. Nilitaka kuzibandua nisafishe, mama akanishika mkono. "Hiyo ni dua ya babako. Usiitupe ovyo." Ameniambia Lamis alipopata homa mwaka jana alimwekea kikasha chenye swadi chini ya mto, na kulipopambazuka homa imeshuka. Swadi ni mwanzo wa sura, amesema, sasa wataka ushahidi gani tena?

Nikaenda kwa maalim wa chuo. Naye alisema swadi anaijua, lakini hiyo ya lamu na he baba aliijua mwenyewe. Basi sijabandua hata moja, na zile zilizokuwa zimedondoka zamani nazo mama alikuwa akiziokota, zimejaa kopo zima la biskuti. Duka hili lina dua nyingi kuliko bidhaa. Nieleze, kama wajua.

Mwanaesha


Salala, Omani
21 Novemba 1993

Mwanangu,

Salamu baada ya salamu. Nimeisoma barua yako stoo nikacheka mpaka karani mwenzangu akaja kuniangalia. Sijacheka hivyo siku nyingi, Mungu akulipe kheri.

Mwambie dada, kwa adabu, Lamis alipona kwa shilingi tisini. Hiyo si dua, ni bei. Mimi na marehemu babako tulisoma chuo kimoja, tukafundishwa abjadi, kila herufi na hesabu yake: alifu moja, be mbili, jimu tatu, dali nne, he tano, mpaka ye ambayo ni kumi, kafu ishirini, lamu thelathini, na kuendelea. Swadi ni tisini. Lamu na he ni thelathini na tano. Alikuwa akiandika bei aliyonunulia ili aione hata mteja akiwa amesimama mbele yake anabishana, na mteja asione kitu. Nakuandikia herufi zote nyuma ya karatasi hii. Na mshukuru mamako kwa kopo lile, kwa sababu amekuhifadhia bei za miaka ishirini bila kujua.

Sasa njia ya kuthamini mali. Zipo tatu. Ya kwanza, unahesabu kwamba kilichoingia mwanzo ndicho kilichotoka mwanzo, hivyo kilichobaki kina bei ya karibuni. Niliisoma mimi katika darasa la jioni, pale chuo cha ufundi karibu na Buxton, nikaiona ndiyo elimu yote. Ya pili ni kinyume chake, cha mwisho kuingia ndicho cha kwanza kutoka. Ya tatu ni wastani: kila ukileta mzigo, unaunganisha gharama ya vya zamani na vipya, unagawa kwa idadi. Mfano, unavyo vya zamani arobaini vya tisini, ukileta sitini vya mia mbili na kumi, jumla ni elfu kumi na sita na mia mbili. Gawa kwa mia moja, kila kimoja sasa ni mia na sitini na mbili, ukikichukua juu au chini.

Kwako wewe ni wastani. Vitu vyako ni vidogo, vinafanana, vinachanganyika, na hakuna mkono utakaochimba droo kutafuta cha zamani huku fundi anasubiri. Vichwa vya cherehani na mota zenye namba, hivyo kila kimoja na bei yake mwenyewe. Zaka ni mlango mwingine: siku yake ikifika utathamini kwa bei ya soko ya siku hiyo. Na bei ya kuuzia usiitoe kwenye droo. Itoe kwa mwenye jumla: uliza kurudishia kingine kitakugharimu nini, ndipo uongeze chako.

Tengeneza kadi kwa kila droo. Safu ya kwanza iwe idadi, ya vyuma vyenyewe. Shilingi zije baadaye. Nakusisitizia hilo: hesabu vyuma kwanza.

Kabla hujaanza ya kwako, jizoeze. Chukua daftari lolote la zamani la baba, uufanye mwaka mmoja kwa njia zote tatu uone tofauti. Lolote, isipokuwa la sabini na nane. Hilo halina faida kwa mwanafunzi.

Kamaludin


Kibokoni, Mombasa
9 Januari 1994

Mjomba wangu,

Assalaam alaykum. Lamis amepanda darasa, mama mguu umepoa, na kaskazi inatupuliza vizuri. Nakushukuru kwanza, kabla ya jingine lolote, nisije nikasahau katikati.

Kadi nimezimaliza, mia tatu na kumi na nane, kwa wiki tano. Lamis alikuwa akihesabu vyuma kwa sauti na mimi nikiandika. Vikasha vya bobini nimenunua vingine sitini na nimevipa karatasi mpya, zimeandikwa qafu, sini, be, yaani mia na sitini na mbili. Mama aliuliza hiyo ni sura gani. Nilipomweleza habari ya shilingi tisini alikasirika siku nzima, akaniambia homa ilishuka, bei au si bei, na kile kikasha chake hataki kirudi dukani. Kwenye kadi nimekiandika kimetumika nyumbani.

Bei nimepandisha. Nyevu alilalama siku mbili, ya tatu akaja na rafiki zake wanne, akasema afadhali alipe zaidi hapa kuliko kuagiza Nairobi na kusubiri. Nimenunua mzigo wa Disemba kwa pesa za mauzo, bila kukopa mtu. Bwana wa vinyago nimemjibu mwenyewe, kwa heshima, nikampa na chai. Duka halitauzwa, mjomba. Nilikuwa sikwambii jinsi nilivyoogopa. Sasa nakwambia: niliogopa sana, na wewe ndiye uliyeniondolea.

Sasa nisamehe. Ungeniambia nisifungue daftari la sitini na tano, nisingelifungua. Uliniambia la sabini na nane, ulitaka nifanye nini?

Mwandiko ni wako. Nyuma imebanwa karatasi ya baba ya hesabu ya mwisho wa mwaka, na chini ameandika: upungufu, 1,160. Pembeni pana herufi moja ya kizungu, K. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini uliiacha ile chai. Sikumwuliza mama. Nilichukua risiti zote za mwaka ule, bado zimetungwa kwenye waya, nikazihesabu siku nne, droo kwa droo. Droo zote ziko sawa ila moja. Unaijua ni ipi.

Januari vilikuwapo vikasha mia na hamsini, vya shilingi kumi na nne. Februari baba alileta mia mbili vya ishirini na mbili, akavimimina juu. Mwaka mzima viliuzwa mia mbili na vitano. Wewe uliandika kama ulivyofundishwa Buxton, kwamba vya zamani vimetoka vyote, basi vilivyobaki ni vya ishirini na mbili, jumla shilingi 3,190. Lakini mkono ulichukua vya juu. Vilivyobaki ni vya zamani. Baba alipofungua droo alikuta karatasi zimeandikwa ye na dali, kumi na nne, akapata 2,030. Toa mwenyewe.

Hiyo ndiyo 1,160, mjomba. Mlihesabu shilingi nyote wawili. Mimi nimehesabu vyuma, kama ulivyoniamuru. Kwa risiti vilipaswa kubaki mia na arobaini na tano. Kwenye karatasi ya baba viko mia na arobaini na tano. Hakijakosekana kimoja.

Nilimsomea mama jikoni. Sinia la mchele lilikuwa mapajani, akaliweka chini. Alilia kwa muda mrefu. Alisema alikuwa kati ya mumewe na nduguye, hakujua amwamini nani, akaona anyamaze, na kunyamaza kukawa mazoea. Kisha akanishika mkono na kuniambia, nami nakuandikia alivyosema:

"Mwandikiye nduyangu. Mwambiye hakikupoteya kitu."

Wako,
Mwanaesha


Kibokoni, Mombasa
2 Machi 1994

Mjomba,

Saumu njema. Wiki saba na hukujibu. Kama nimekosea kulifungua, nigombeze, lakini andika. Mama kila alasiri anauliza kama posta wamefungua, na ukimwambia wamefunga, anasema watafungua kesho.

Duka linaendelea. Tunakuombea kila tukifuturu.

Mwanaesha


Salala, Omani
24 Machi 1994

Mwanangu Mwanaesha, na dada yangu Mejumaa utakayesomewa,

Iddi imepita, nawapa mkono wake kwa kuchelewa. Sikugomba. Barua ya Januari ilinifika mapema tu. Nilianza kuijibu mara nyingi, na kila karatasi niliichana.

Kwanza niliifanya hesabu yako upya. Mara tatu, kwa siku tatu mbalimbali, kama mtu asiyemwamini mwanafunzi wake. Nilipata 1,160 mara zote tatu.

Sasa nitasema nililolinyamazia. Marehemu shemeji hakuniita mwizi. Mkitaja jina lake, jueni hilo. Alinisomea upungufu, akanitazama, akafunga daftari. Angenituhumu ningeapa. Lakini kulikuwa na Ijumaa moja mwezi wa Novemba, nilifunga duka mbio mbio kwenda msikitini, na katikati ya hotuba nikashindwa kukumbuka kama niliuzungusha ufunguo. Niliporudi mlango ulikuwa umerudishwa tu. Sikumwambia mtu. Alipotaja ile 1,160, nikajua ni Ijumaa ile, mtu aliingia kwa uzembe wangu. Ningeapaje? Nikaona heri niondoke kuliko kukaa nikitazamana naye kila asubuhi. Hii miaka yote sikuwa na hasira naye. Nilikuwa na haya.

Na hakuna aliyeingia. Babako alikuwa na haki kwa karatasi zake, na mimi nilikuwa na haki kwa daftari langu, na vile vyuma vyenyewe vilikuwa ndani ya droo vyote, hakuna kati yetu aliyeviuliza. Laiti ningemwambia habari ya ufunguo, labda naye angesema, basi tuhesabu tena. Mungu amrehemu. Ningependa ajue.

Unanishukuru kwa duka. Duka umelishika mwenyewe, mimi nilituma karatasi mbili. Lakini uliyonipa wewe sina kadi ya kuyaandikia. Nashukuru, mwanangu. Nashukuru kwamba hukunisikiliza.

Dada, ubani nimekwisha kununua, ule mweupe. Likizo yangu ni Agosti. Mniwekee chai, ile niliyoiacha.

Jana saa kumi kasorobo nilifunga stoo, nikatia ufunguo mfukoni, nikapanda basi. Dereva alizima injini akanisubiri nishuke tena. Nikamwambia twende.

Mjombako,
Kamaludin